Paneli Imepotea? Usikimbilie Kufuta Diski

Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilifika kikomo Oktoba 14, 2025, na laptopu nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, inayodai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kumbukumbu isiyopungua GB 4. Mwenye mashine ya namna hiyo hushauriwa kuhamia Linux, na mara nyingi huelekezwa kwenye Xfce.

Xfce ilianzishwa mwaka 1996 na Olivier Fourdan, na toleo lake la 4.20 lilitoka Desemba 2024. Huja tayari ndani ya Xubuntu, MX Linux na mojawapo ya matoleo ya Linux Mint. Yenyewe ni sura ya juu ya mfumo: paneli, menyu, madirisha na mandhari unayoyaona ukishaingia. Husifiwa kwa wepesi, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini tusidanganyane: kwenye kompyuta ya GB 2, kivinjari chenye kurasa nyingi kitaimeza kumbukumbu vilevile.

Mimi naipendea jambo jingine. Vipande vyake vimetengana. Paneli ni programu inayoitwa xfce4-panel. Fremu za madirisha, pamoja na vitufe vya kufunga na kupunguza, ni kazi ya xfwm4. Picha ya nyuma na ikoni zake huchorwa na xfdesktop, na folda hufunguliwa na Thunar. Kimoja kikianguka, vingine huendelea na kazi.

Ndiyo maana huniuma kusikia paneli ya mtu imepotea, na fundi akakimbilia kupiga mfumo upya, faili za mteja zikaenda nao. Bonyeza Alt na F2, andika xfce4-panel, gonga Enter, paneli itarudi. Madirisha yakipoteza fremu na kukataa kusogezwa, andika xfwm4 --replace. Tatizo likijirudia kila unapoingia, huenda mfumo ulihifadhi kikao wakati kipande fulani kimekosekana, na sasa unakirejesha na upungufu wake. Futa yaliyomo kwenye folda ya ~/.cache/sessions, kisha unapotoka ondoa alama kwenye kisanduku cha kuhifadhi kikao.

Yapo maharibiko makubwa zaidi, ambapo mtu amechokonoa mipangilio hadi hakuna kinachoeleweka. Sehemu kubwa ya mipangilio hiyo hukaa ndani ya folda yako ya nyumbani, kwenye ~/.config/xfce4. Wengi huifuta wakiwa bado wamo ndani ya Xfce, kisha hushangaa uharibifu ukirudi. Sababu ni kwamba xfconfd, programu inayotunza mipangilio, huishikilia kwenye kumbukumbu na inaweza kuiandika tena. Kwa hiyo toka kwanza. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 upate skrini nyeusi ya maandishi, ingia kwa jina lako, na uandike:

mv ~/.config/xfce4 ~/.config/xfce4-zamani

Ukirudi kwenye skrini ya kawaida na kuingia tena, Xfce itajiunda upya kama siku ya kwanza. Nyaraka na picha zako hazijaguswa, na mipangilio ya awali bado ipo ukitaka kuchukua kitu.

Uhuru huo wa kurudi nyuma ndio unaofanya kuibadilisha Xfce kuwe raha. Bofya paneli kwa kitufe cha kulia, fungua mipangilio yake, ondoa kufuli, uikokote hadi chini ya skrini kama ulivyoizoea kwenye Windows. Ongeza menyu ya Whisker, ambayo ina sehemu ya kutafutia programu. Kama kadi ya picha ni dhaifu, zima vivuli na uwazi kwenye mipangilio ya ziada ya madirisha, sehemu iitwayo Compositor. Na kama kingo za dirisha ni nyembamba mno kushikika, shikilia Alt na uvute popote ndani ya dirisha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, litapanuka. Paneli ikishakupendeza, ihifadhi kwa xfce4-panel-profiles.

Mwenye laptopu, kabla hujaikabidhi dukani, mwombe fundi ajaribu kwanza kuibadilisha jina folda ile moja. Nawe fundi, usiguse diski ya mteja kabla ya kujua ni kipande kipi kilichoanguka.