Kabla Fundi Awashe Grainda: Vile Utajua Rangi ya Kwanza ya Ile Ndai ya Mzae

Ukienda ocha, iwe ni Wote, Makindu, Mutomo ama Mwingi, kuna kitu hukosi kuona kwa boma kadhaa: gari ya zamani imekaa chini ya mwembe. Inaweza kuwa Peugeot 504, Datsun 1200, Beetle ama Land Rover ya kitambo. Magurudumu yameisha pumzi, kuku wanataga kwa kiti cha nyuma, na plate yake ni ya enzi kabla ya KAA. Ukimuuliza mzae kama anauza, anakuangalia tu.

Sasa wewe umetoka Nairobi na kaganji kidogo na umeamua utaifufua. Fiti sana. Wamarekani walianza huu mchezo kitambo, wanauita hot rod: unachukua Ford ya miaka ya 1930, unaipunguza uzito, unaweka injini ya nguvu na unaipiga rangi ya kuwaka. Huku kwetu hatuna hizo Ford, lakini damu ni ile ile. Ukambani barabara ni vumbi na mawe, na magari yaliyoheshimiwa ni yale yalivumilia hayo. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally 1963 na Nick Nowicki kwa usukani. Datsun 240Z ikashinda 1971 na 1973. 504 ikachukua 1975 na Ove Andersson. Si ajabu mzae alinunua yake na hataki kuiachilia.

Shida huanza hapa. Wasee wengi kitu cha kwanza wanafanya ni kuita fundi wa sprei na kumwambia, "Nipigie red moja kali." Fundi anawasha grainda, na kufikia jioni bodi imebaki chuma tupu. Mwezi unaofuata mzae anakuja kuona, anazunguka hiyo gari mara mbili, halafu anasema polepole, "Hii si ile nilinunua." Hapo utafanya nini, bro? Rangi ya kwanza imeshaenda na upepo, na hakuna mahali ingine ilikuwa imeandikwa.

So kabla hiyo grainda iwake, jifunze kusoma gari. Ni kazi ya siku moja na haikugharimu kitu.

Rangi unayoona inakudanganya

Jua la Kitui na Makueni haliogopi mtu. Rangi ikipigwa na jua miaka arobaini, ile ngozi ya juu inakufa na kugeuka unga. Pitisha kidole kwa boneti: ukiona kimebaki na chaki, hiyo ndiyo rangi iliyochoka. Nyekundu huumia haraka kuliko zingine, inageuka pinki ama rangi ya chungwa iliyofifia. Rangi ya maziwa inakuwa njano chafu. Bluu inakuwa kijivu. Halafu lile vumbi letu jekundu linaingia kwa kila mkwaruzo na kuongeza rangi yake.

Kwa hivyo usipige picha ya mlango na simu halafu umtumie msee wa duka la rangi WhatsApp ukisema "nataka hii." Kamera ya simu inabadilisha rangi yenyewe kulingana na mwanga, na skrini yake na yako hazifanani. Ukifanya hivyo umenunua shida kwa lita.

Tafuta pale jua halikufika

Gari huficha rangi yake ya kwanza mahali fundi wa miaka ya nyuma hakuwa na haja ya kupiga sprei. Chukua tochi na bisibisi, uangalie hapa:

- Chini ya dashibodi na ndani ya kile kisanduku cha kuwekea makaratasi.
- Chini ya zulia na chini ya reli za viti.
- Nyuma ya ile ngozi ya ndani ya mlango.
- Ndani ya buti, pale tairi ya spea inakaa.
- Chini ya mpira wa mlango na mpira wa kioo.
- Nyuma ya plate, taa za nyuma na nembo ya gari.

Ukipata sehemu safi, ipanguse na kitambaa chenye maji na sabuni, ikauke, kisha uweke nta kidogo ama polishi. Rangi kavu huonekana hafifu kuliko ilivyo, polishi inairudishia kina chake. Hapo ndipo utaona kile mzae aliona siku ya kwanza.

Kumbuka pia ndani ya boneti si lazima pafanane na nje. Pale joto, mafuta na asidi ya betri zimepita, rangi inaweza kuwa imegeuka. Linganisha sehemu tatu ama nne kabla uamini moja.

Kibati na code

Magari mengi yana namba ya rangi. Toyota huiandika kwa kibati, tafuta palipoandikwa C/TR. Herufi na namba zinazofuata ni za rangi na za vitambaa vya ndani. Ukipata 040, kwa mfano, hiyo ni nyeupe moja maarufu sana ya Toyota. Beetle za zamani zilitumia code zinazoanza na L, kama L87 ambayo ni nyeupe ya lulu. Gari zingine, chungulia ndani ya boneti na kwa fremu ya mlango.

Land Rover za zile Series za zamani, usipoteze siku nzima. Kibati chake kitakupa namba ya chassis, si rangi. Lakini bahati ni kwamba orodha yao ya rangi ilikuwa fupi: ile kijani nzito inaitwa Bronze Green, kulikuwa na Marine Blue, na ile nyeupe ya vumbi iliyokuwa kwa paa na rimu inaitwa Limestone. Ukipata kipande safi, kazi ni kuchagua kati ya chache.

Na kuna jambo watu husahau. Gari nyingi za enzi hiyo zilifika Kenya vipande vipande na kuunganishwa hapa. 504 nyingi, hasa pickup, zilitoka kiwanda cha AVA pale Mombasa. Gari ikija hivyo, bodi inachomelewa na kupigwa rangi hapa nyumbani. Kwa hivyo ukipata kitabu cha rangi za Ufaransa mtandaoni, kitakuonyesha njia, lakini neno la mwisho ni la gari yenyewe.

Logbook, picha na mzae mwenyewe

Logbook ina sehemu ya rangi. Haitakuambia ni bluu gani, lakini ikisema bluu na gari iko kijani, ujue kuna mtu alipiga sprei bila kuambia serikali. Kama gari ilinunuliwa kwa mnada ikitoka serikalini ama kwa kampuni, tarajia zaidi ya rangi moja chini.

Albamu ya familia nayo itoe kwa sanduku. Tafuta ile picha ya harusi ama ya Krismasi watu wameegemea gari. Lakini chunga: picha za rangi za miaka ya 70 zenyewe hupauka na kuelekea wekundu, kwa hivyo nyeupe inaweza kuonekana kama chai ya maziwa. Tumia kitu unajua rangi yake, kama shati la sare ya shule ama majani ya mwembe, upime picha imeharibika kiasi gani.

Halafu keti na mzae. Usimuulize "Ilikuwa rangi gani?" kwa sababu atasema "ya kijani" na mambo iishie hapo. Toa kadi za rangi ama vipande vya bati ulivyopaka, umuulize, "Mzee, ni hii ama ni hii?" Macho yanakumbuka kile mdomo hauna jina lake.

Fungua dirisha

Sasa chagua mahali padogo, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, kwa ukingo wa mlango ama chini ya buti. Chukua msasa laini, uuloweshe maji, usugue kwa mzunguko taratibu. Tabaka zitatokea kama pete za mti uliokatwa. Katikati ni chuma, kisha praima, kisha rangi ya kwanza, kisha pengine praima ingine na rangi ya pili.

Hesabu kutoka ndani. Rangi iliyo juu ya praima ya kwanza kabisa ndiyo ya kiwanda. Ukikuta fila, hama, hapo paliwahi kugongwa na tabaka zake si za kuaminika. Fanya madirisha mawili, kwa mlango na kwa boneti, maana mlango unaweza kuwa ulitolewa kwa gari ingine.

Ukimaliza, piga picha, andika kila tabaka kwa daftari, na uache dirisha moja bila kuguswa mpaka kazi yote iishe. Huo ndio ushahidi wako.

Ikiwa ni Land Rover, jua bodi nyingi ni alumini. Ni laini, grainda inaikula kama siagi, na inahitaji praima yake maalum ama rangi itabanduka.

Jua ni rangi ya aina gani

Kuna majaribio mawili rahisi. La kwanza, sugua kwa kitambaa cheupe na kompaundi. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, hiyo ni rangi ya zamani isiyo na klia juu, na pengine ukiisugua vizuri itang'aa tena na hutahitaji sprei kabisa. Kikibaki cheupe, kuna klia.

La pili, weka thina kidogo kwa kitambaa, ushikilie mahali pa siri. Rangi ikiyeyuka haraka, ni ile ya zamani ya selulosi. Ikikataa kabisa, kuna mtu alishapiga 2K. Hii ni muhimu, kwa sababu ukipiga rangi mpya yenye thina kali juu ya ile ya zamani, ya chini inaweza kukunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Jaribu padogo kwanza.

Kulinganisha

Hapa amua kitu kimoja: unapiga gari nzima ama mlango mmoja? Gari nzima, linganisha na rangi ya kwanza. Mlango mmoja, linganisha na ile gari iko nayo leo baada ya kusuguliwa kompaundi, la sivyo mlango utaonekana umeazimwa kwa jirani.

Kama unaenda kuchanganyiwa Nairobi, Kirinyaga Road ama Industrial Area, beba kitu cha kushika: kifuniko cha tangi, kile kisanduku cha dashibodi, kipande chochote kilicho safi. Kompyuta ya kusoma rangi inataka sehemu tambarare, safi na yenye kung'aa, ukubwa wa kiganja hivi. Itatoa mchanganyiko wa karibu, halafu jicho la msee wa kuchanganya linamalizia.

Usikubali rangi ukiiona ndani ya mkebe. Ipigwe kwa kipande cha bati juu ya praima ile ile utakayotumia, ikauke kabisa, ndio uiweke kando ya sampuli yako. Toka nje ya duka, kwa sababu rangi mbili zinaweza kuwa mapacha chini ya taa na wageni juani. Angalia asubuhi, angalia jioni, angalia ukiwa mbele na ukiwa kando. Ikiwa ni metaliki, kuwa mkali zaidi: presha ya kompreza na umbali wa mkono wa fundi vinabadilisha rangi, kwa hivyo anayepiga sampuli awe ndiye atapiga gari.

Ukishaipata, andika mchanganyiko wote kwa daftari na ubakishe robo lita. Siku ng'ombe akijikuna kwa mlango, utanishukuru.

Hii sehemu usiruke

Rangi za zamani, hasa nyekundu, njano na ya chungwa, zinaweza kuwa na risasi, ile metali ya sumu. Unga wake ukianguka pale watoto wanacheza na kuku wanadonoa, umeleta sumu nyumbani. Sugua na msasa wa maji, tandika karatasi ya nailoni chini, ukusanye taka, na watoto wakae mbali. 2K nayo ina kemikali inayoweza kukuachia pumu ya maisha. Leso kwa pua haisaidii, wala barakoa ya Covid. Fundi awe na maski inayoletewa hewa safi kwa bomba na mahali pa hewa. Kama hana, tafuta mwingine.

Na ukiamua kubadilisha rangi kabisa, ni haki yako, lakini taarifu NTSA logbook ibadilishwe. Karao akikusimamisha Mtito Andei na karatasi inasema nyeupe na wewe uko ndani ya nyekundu, hiyo stori itakuwa ndefu.

Labda mwishowe utachagua red bado. Hakuna noma, ni gari yako. Lakini mzae hataishi milele na ile rangi ya kwanza imebaki kwa tabaka nyembamba kuliko ukucha. Wikendi hii ukienda ocha, beba tochi, kitambaa na msasa, uinue zulia, uangalie. Halafu umwite mzae, umwonyeshe hicho kidirisha, umsikize vile atasema.