Shahidi Aseme Alichokiona

Mashtaka mengi ya nidhamu huanza kwa maneno kama haya: "alikuwa amelewa", "alikuwa mkaidi", "alionekana ana hatia". Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana kwa macho. Jicho huona macho mekundu, mikono inayotetemeka na mtu anayepepesuka. Sikio husikia maneno yasiyotamkwa sawasawa, na pua husikia harufu. Ulevi ni maana aliyoitia msimamizi mwenyewe.

Jambo hili si dogo, maana ndani yake mna kazi ya mtu na chakula cha watoto wake. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imemshuka hutoka jasho, hutetemeka, hupepesuka na kusema kwa shida. Huyo anahitaji kupewa kitu chenye sukari upesi. Akitolewa langoni kama mlevi, anaweza kupoteza maisha, si kazi tu. Mchomeleaji vyuma asiyepewa miwani huwa na macho mekundu kwa ajili ya ule mwanga. Na kijana anayeinamisha macho mbele ya mkubwa, katika nyumba nyingi za kwetu, anaonyesha adabu aliyofunzwa. Meneja aliyelelewa kwingine huandika kuwa anaficha jambo.

Sheria ya Ajira iliyopitishwa hapa Uganda mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kuamua kumfukuza mfanyakazi kwa utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na asikilize majibu yake. Mfanyakazi ana haki ya kuja na mtu amtakaye. Mwakilishi wetu akiketi hapo, amwulize shahidi maswali mepesi: Uliona nini? Ulisikia nini? Ilikuwa saa ngapi, nawe ulisimama umbali gani? Je, ulimwuliza mwenyewe? Shahidi akijibu "nilijua tu", mwakilishi aombe jibu hilo liandikwe vivyo hivyo katika kumbukumbu za kikao.

Kanuni hii inatufunga na sisi pia. Msimamizi akipita bila kutusalimu, tulichokiona ni mtu aliyepita kimya. Kusema "anatudharau" ni kukisia, na mgomo hauitishwi kwa kukisia. Tuandike kwanza yaliyoonekana na kusikika. Maana ije baadaye, mhusika akisha kuulizwa.