Sabuni Inayoharibika Wakati wa Kukauka

Wale wanaopika sabuni nyumbani huko Lokiriama, magharibi ya Lodwar karibu na mpaka wa Uganda, hupata taabu ambayo mpishi wa pwani haijui sana. Hewa ya Turkana ni kavu mno, na upepo wake ni moto. Sabuni ikianikwa juani, upande wa nje hukauka na kunywea hali ndani bado ni majimaji. Basi ganda hupasuka na kipande hupindana. Mwenyewe huona kwamba mafuta ya kondoo mzima yamepotea, akaitupa. Asiitupe. Yafaa kwanza aitambue kasoro, kwa maana kasoro hazifanani.

Nyufa peke yake si ugonjwa. Sabuni iondolewe juani, ipangwe kivulini juu ya fito, ifunikwe gunia, na igeuzwe mara kwa mara kwa majuma 4 hadi 6. Unga mweupe juu yake nao usimtishe mtu: ni magadi yaliyofanyika pale hewa ilipokutana na kostiki soda ambayo haijaungana na mafuta. Ukwanguliwe kwa kisu, yatosha.

Ya hatari ni ile inayomeguka kama chokaa, au kutoa matone yanayowasha. Hiyo ina kostiki soda kupita kiasi, nayo itamchubua mtoto ngozi. Kilo 1 ya shahamu ya kondoo au mbuzi yahitaji kostiki soda gramu 130 hivi, na mtu apimaye kwa kikombe hukosea kwa urahisi. Si ajabu, mizani si kitu cha kila nyumba.

Dawa yake ni chumvi. Sabuni ikatwe vipande vidogo, itiwe chunguni pamoja na maji, yapata lita 2 kwa kila kilo 1, na ichemshwe polepole mpaka iyeyuke yote. Najua maji ni ya thamani katika nchi ile, lakini hapa hayana badala. Kisha chumvi ya kula itiwe kidogo kidogo huku ikikorogwa. Sabuni haiyeyuki katika maji yenye chumvi nyingi. Itagandamana na kupanda juu kama mtindi, na kostiki soda iliyozidi itabaki chini majini. Chungu kikipoa, sabuni itolewe, iyeyushwe tena kwa maji machache, imiminwe katika kiunzi. Ikikauka, losha kidole, kisugue juu yake, ukiguse kwa ncha ya ulimi: ikichoma kama pilipili, kazi irudiwe. Yale maji yaliyobaki yafukiwe shimoni, kwa kuwa mbuzi hupenda chumvi.

Ikiwa sabuni yatoka mafuta juu, mara nyingi haikukorogwa vya kutosha. Iyeyushwe kwa maji kidogo na kukorogwa hadi ishikamane.

Tena, sufuria za aluminiamu zisitumiwe kabisa katika kazi hii. Kostiki soda huzila, ikatoa hewa iwezayo kushika moto. Chungu cha chuma au chombo cha enameli chafaa. Na wakati wa kuchanganya, soda ndiyo itiwayo majini. Maji yakimwagwa juu ya soda huchemka ghafla na kuruka. Yakimpata mtu jichoni, aoshwe kwa maji mengi papo hapo, kisha apelekwe zahanati.