Nambari 1,155,574: Sifa Zake za Kihisabati na Kisarufi

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisumu ilikuwa na watu 1,155,574. Makala haya yanaichunguza nambari hiyo kwa jicho la hisabati na la sarufi, kwani aghalabu nambari kubwa husomwa kwa haraka, zikakadiriwa, kisha zikasahauliwa.

Kihisabati, nambari hii ni shufwa, yaani inagawika kwa 2 bila baki. Jumla ya tarakimu zake ni 28. Na kwa kuwa 28 haigawiki kwa 3, nambari yenyewe pia haigawiki kwa 3. Ikivunjwa hadi kufikia nambari tasa, hupatikana 2 × 7 × 59 × 1,399. Kigawo 7 kinavutia, kwa sababu kaunti hiyo ina maeneo bunge saba: Kisumu Mashariki, Kisumu Magharibi, Kisumu ya Kati, Seme, Nyando, Muhoroni na Nyakach. Kila moja lingepata watu 165,082 kamili. (Bila shaka watu hawakujigawa hivyo.)

Lililo zito zaidi ni namna jumla hiyo ilivyoundwa: wanawake 594,609, wanaume 560,942 na huntha 23. Sensa hiyo ndiyo ya kwanza nchini Kenya kuwahesabu huntha kama kundi la pekee. Anayewaacha hao 23 kwa hoja kwamba ni wachache mno hubaki na 1,155,551. Nambari hii ni witiri, na ikigawanywa kwa 7 huacha baki ya 5. Sifa zote mbili za awali zimetoweka. Lakini anayekadiria kwa kusema "milioni moja nukta mbili" haoni tofauti yoyote baina ya nambari hizi mbili. Ufuoni mwa ziwa, omena hupimwa kwa gorogoro, na wachache wakimwagika hakuna anayeuliza. Watu huhesabiwa mmoja mmoja.

Upande wa lugha nao una mitego yake. "Laki moja, elfu hamsini na tano" yaweza kufahamika kuwa 155,000 au 150,005, pengo la 4,995. Ndiyo maana ni salama kutanguliza idadi ya maelfu: milioni moja, laki moja, hamsini na tano elfu, mia tano sabini na nne. Nambari hiyo ikiambatana na nomino "watu", upatanisho wa kisarufi hujitokeza katika mamoja peke yake: "mia tano sabini na wanne". Milioni, laki, elfu na mia hazimjui mtu. Angeongezeka mtu mmoja, "wanne" ingekuwa "watano". Wangeongezeka wawili, nambari ingeishia kwa "sita", na kiambishi cha ngeli kingepotea kabisa.