Anayekuandikia Insha Anabaki na Siri Yako

Matangazo ya biashara ya kuandikiwa insha hayajifichi. Yanapita Instagram na Telegram, yanatupiwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na ukitafuta msaada wa insha kwenye Google huenda yakatangulia mengine yote. Ahadi zake zinafanana: kazi mpya isiyonakiliwa popote, mwandishi mwenye shahada ya uzamili, ndani ya saa 24, siri yako imehifadhiwa.

Ahadi tatu za kwanza huvunjwa mara nyingi. Makala haya yanahusu zaidi ile ya nne. Mwanafunzi anayefikiria kununua insha hujiuliza swali moja: mhadhiri atagundua? Swali hilo lina maana, lakini linaishia siku ya kukusanya kazi, na hatari haiishii hapo. Ukishalipa, mtu usiyemjua amepata ushahidi dhidi yako. Mtihani utapita, shahada utapewa, kazi utaajiriwa, naye bado anao.

Kazi inapita mikono mingapi

Watafiti wawili waliokuwa Birmingham, Uingereza, Robert Clarke na Thomas Lancaster, waliiandika biashara hii kitaalamu mwaka 2006, baada ya kukuta wanafunzi wa kompyuta wakizitangaza kazi zao za chuo kwenye tovuti ya zabuni ili watengeneza programu wa mbali wazifanye kwa malipo. Tangu hapo imekuwa soko la dunia nzima, na sisi wa Afrika Mashariki tuko katikati yake, kwa sababu Nairobi ni miongoni mwa miji inayotegemewa sana na soko hilo. Filamu ya *The Shadow Scholars* ya mwaka 2024, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, inawaonyesha vijana wa Kenya wenye elimu nzuri na wasio na ajira wakiandika insha za wanafunzi wa Uingereza na Marekani.

Mnunuzi hukutana na ukurasa wenye anwani ya London au New York. Nyuma ya ukurasa huo pana kampuni, na chini ya kampuni pana mwenye akaunti. Akaunti yenye sifa nzuri ni mali: huuzwa na hukodishwa. Aliyenayo huchukua kazi nyingi kuliko anazoweza kuandika, akazigawa kwa vijana wengine na kubaki na sehemu ya malipo. Kwa hiyo insha ya uuguzi inaweza kuandikwa saa tisa usiku na mhitimu wa biashara mwenye kazi nyingine nne za kumaliza kabla ya alfajiri. Kwa mwanafunzi wa hapa kwetu anayeandikiwa ripoti ya utafiti na mtu wa steshenari ya jirani na chuo, mnyororo ni mfupi, lakini mambo ni yale yale. Pesa inakwenda kwa simu, maelekezo yanakwenda WhatsApp, na vyote viwili vinaacha kumbukumbu.

Kila mmoja katika mnyororo huo anayaona maelekezo yako, nayo yamebeba jina la chuo, msimbo wa kozi, jina la mhadhiri na tarehe ya mwisho. Pengine hata hujawatajia jina lako, lakini umelipa kwa kadi au namba ya simu yenye jina hilo. Tovuti nyingine huenda mbali zaidi na kuomba nywila yako ya mfumo wa masomo, kwa maelezo kwamba mwandishi anahitaji kusoma vitini. Mfumo kama Moodle huandika kila anayeingia, saa aliyoingia na anwani ya intaneti aliyotumia. Mwanafunzi aliyeko Manchester ambaye akaunti yake imefunguliwa kutoka Nairobi siku mbili kabla ya kazi kukusanywa ana maswali ya kujibu.

Kinachokufikia

Wanaoahidi kazi mpya hawana sababu ya kuitunza ahadi hiyo. Kazi iliyouzwa kwako inaweza kuuzwa tena mwaka kesho kwa mwanafunzi wa chuo kingine, na hapo mfumo wa Turnitin, unaolinganisha kazi inayokusanywa na zile zilizohifadhiwa, unawaunganisha watu wawili ambao hawajawahi kuonana.

Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 30, 2022, limeongezeka jambo jingine. Mwandishi anayelipwa kidogo na kubanwa na muda ana kila kishawishi cha kuiachia mashine iandike. Unaweza kulipa mamia ya dola kwa kitu ambacho ungekipata bure, kikiwa na kasoro zake zote. Kasoro inayoumbua haraka ni marejeo. Mashine inaweza kukupa jina la mtafiti halisi na jina la jarida halisi, kisha ikabuni makala ambayo mtafiti huyo hakuiandika kamwe. Msahihishaji hahitaji programu yoyote ya kugundua akili mnemba. Anachukua namba ya utambulisho ya makala iliyotajwa, ile inayoanza na 10, anaiingiza kwenye tovuti ya doi.org, kisha anaona inakomfikisha. Ikimpeleka kwenye makala ya ufugaji wa kuku ilhali insha ni ya sheria za ardhi, mazungumzo yanaanza.

Ukidai urudishiwe fedha kwa sababu ya ubovu huo, utasomewa masharti uliyoyakubali bila kuyasoma. Tovuti nyingi zimeandika kwamba kazi wanayouza ni ya kujisomea tu, na kwamba mteja haruhusiwi kuikusanya kwa jina lake. Sentensi hiyo imewekwa kumlinda muuzaji. Yeye kauza mfano wa insha, na aliyedanganya chuo ni wewe. Kwenda mahakamani nako ni shida. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, kifungu cha 23, inayabatilisha makubaliano ambayo lengo lake ni haramu au linapingana na maslahi ya umma, na makubaliano ya kukidanganya chuo hayana pa kujitetea hapo. Umenunua bidhaa ambayo huwezi kuilalamikia popote bila kujitaja.

Faili linavyosema

Tulitazame faili lenyewe. Waraka wa Word wenye mwisho wa .docx ni kifurushi cha mafaili madogo yaliyobanwa pamoja. Ukibadilisha mwisho wa jina lake kuwa .zip na kulifungua, utakuta folda iitwayo docProps, na ndani yake core.xml na app.xml. Faili la kwanza hutunza jina la aliyeuanzisha waraka, jina la aliyeuhifadhi mara ya mwisho, tarehe na saa ya kuanzishwa, na idadi ya mara ulizohifadhiwa. La pili hutunza jumla ya dakika ambazo waraka ulikuwa wazi ukifanyiwa kazi.

Tuseme insha ina maneno 4,000. Aliyeianzisha ni jina ambalo darasani halipo. Imeanzishwa usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, imehifadhiwa mara mbili, na muda wote wa kuifanyia kazi ni dakika 6. Hakuna anayechapa maneno 4,000 kwa dakika 6. Kilichofanyika ndani ya dakika hizo ni kufungua waraka, kubadilisha jina kwenye jalada na kufunga.

Ila tuwe waadilifu. Taarifa hizi peke yake hazimhukumu mtu. Mwanafunzi aliyechapia kazi yake kwenye intaneti kafe atakuwa na jina la mwenye kompyuta, na aliyeandika kwenye Google Docs kisha akahamishia Word atakuwa na dakika chache mno. Kwa sababu hiyo msahihishaji makini huitumia taarifa hiyo kama sababu ya kuuliza, na haifanyi kuwa hukumu. Humwita mwanafunzi na kumwomba alete rasimu za awali, maandishi ya mkono, vitabu alivyosoma. Kisha humwambia, "Haya, nieleze aya hii ya tatu, ulimaanisha nini?" Aliyeandika mwenyewe hujibu, hata kama ni kwa kubabaika. Aliyeandikiwa huisoma aya ile kama anaiona kwa mara ya kwanza.

Vitisho vinapoanza

Aijuaye siri ya mtungi ni kata, na kata hii haina sababu ya kukuhurumia. Watafiti wa udanganyifu wa masomo na vyuo vya Uingereza na Australia wamekuwa wakionya kwa miaka kadhaa juu ya wauzaji wanaowakamua wateja wao. Mara nyingi chanzo ni ugomvi wa malipo: mwanafunzi kapata alama mbaya, kadai pesa yake, au kaiomba benki izuie malipo. Jibu linalomrudia lina picha ya skrini ya mazungumzo yao, nakala ya insha, na barua pepe ya mkuu wa idara iliyochukuliwa kwenye tovuti ya chuo. Ujumbe ni mfupi: lipa, ama tunamwandikia. Akilipa, hajanunua chochote, kwa sababu nakala za ushahidi haziishi kwa kulipiwa. Muuzaji amejifunza tu kwamba mteja huyu hulipa akiogopa.

Na hata muuzaji asipokuwa na nia mbaya, kumbukumbu zake zinaweza kumtoka. Mwaka 2014 waandishi wa habari wa Sydney waliifichua MyMaster, tovuti iliyowalenga wanafunzi wanaozungumza Kichina nchini Australia. Katika ushahidi walioupata mlikuwamo maombi ya kazi na stakabadhi za malipo. Wanafunzi waliotajwa kuhusika walifikia 1,000 hivi, kutoka vyuo vikuu 16. Uchunguzi wa vyuo uliendelea mwaka uliofuata, na Chuo Kikuu cha Macquarie kikawanyang'anya shahada wahitimu wawili waliokuwa wamekwishazipata. Watu hao hawakunaswa na mhadhiri mwenye jicho kali. Waliponzwa na daftari la aliyewauzia.

Sheria mpya zimelibana soko bila kuliondoa. Ireland ilipitisha yake mwaka 2019. Australia ilifuata mwaka 2020, ikiweka kifungo cha hadi miaka miwili kwa anayeifanya kazi hiyo kibiashara, na mamlaka yake ya elimu ya juu, TEQSA, imekwishaomba mahakama iamuru tovuti za namna hiyo zizuiwe. Kwa Uingereza, sheria ya mwaka 2022 inakataza kuuza na kutangaza huduma hizi kwa wanafunzi wa England. Sheria hizo zinamlenga muuzaji. Mwanafunzi anabaki mikononi mwa chuo, ambacho kinaweza kufuta somo, kusimamisha masomo au kumfukuza, na kwa anayesoma ng'ambo kufukuzwa chuo huenda sambamba na kupoteza viza. Kuna tokeo jingine lisilotajwa sana: biashara ikipigwa marufuku, wanaobaki ndani yake ni wale wasioogopa sheria. Hao ndio unaowaachia jina lako.

Kabla hujalipa, na baada

Wengi hawanunui insha kwa uvivu. Hununua kwa sababu kazi tatu zimeangukia wiki moja, au kuna msiba nyumbani, au Kiingereza cha kitaaluma kinawashinda, au anayesoma huku akifanya kazi ya zamu amechoka kupita kiasi. Kila mojawapo ina mlango wake. Anayebanwa na muda aombe nyongeza kabla ya tarehe kupita, kwa barua pepe ya sentensi mbili inayoeleza sababu. Ombi la mapema hukubaliwa kirahisi kuliko udhuru wa baadaye. Anayeshindwa na lugha anaweza kuandika mwenyewe, kisha akampa mtu amsahihishie tahajia na sarufi, maadamu kanuni za chuo zinaruhusu na hoja zimebaki zake. Asiyejua aanzie wapi ampelekee msimamizi ukurasa mmoja, hata ukiwa mbovu, kwa kuwa ukurasa mbovu unasahihishika na ukurasa mtupu hausahihishiki. Mficha uchi hazai.

Unapoandika, hifadhi rasimu zako kwa tarehe na usifute maandishi ya awali. Kinga hiyo inamfaa hata mwaminifu, maana siku atakayotiliwa shaka bila kosa, rasimu ndizo zitakazomtetea.

Na kama umekwishalipa? Ikiwa kazi hujaikusanya, usiikusanye, hata kama itakugharimu alama za kuchelewa. Badilisha nywila ya mfumo wa chuo na ya barua pepe. Ikiwa umekwishaikusanya na vitisho vimeanza, usiongeze senti hata moja na usifute ujumbe wowote. Mwendee mshauri wa wanafunzi au kiongozi wa serikali ya wanafunzi, na uende pamoja naye kwa mkuu wa idara kabla barua ya muuzaji haijafika. Adhabu huenda ikawepo. Lakini kwa kawaida chuo humwangalia tofauti aliyekuja mwenyewe na aliyeletwa na mtu wa tatu. Adhabu ya chuo hutajwa kwa maandishi, ina kikomo na unaweza kuikatia rufaa. Madai ya muuzaji hayana kimojawapo cha hivyo.