Bati: Bamba Jembamba, Maisha Mengi

Neno bati lina maana mbili katika Kiswahili. Kwanza, ni jina la madini meupe, laini, yayeyukayo upesi. Pili, ni jina la bamba jembamba la chuma ambalo nyumba nyingi nchini Kenya zimeezekwa kwalo. Ajabu ni kuwa bati la paa halina bati ndani yake: ni chuma kilichopakwa zinki kisishikwe na kutu. Kopo la chakula, kwa upande wake, ni chuma kilichopakwa madini ya bati. Makala haya yanafafanua matumizi ya bamba hilo na mavuno ambayo lugha imepata kutokana nalo.

Bamba jembamba likiachwa bapa hupindika kwa urahisi. Mwaka 1829, Henry Robinson Palmer wa Uingereza alipata hataza ya kulikunja liwe na mawimbi. Migongo hiyo hulipa nguvu bila kuliongezea unene. Mwaka 1837, Stanislas Sorel wa Ufaransa alipata hataza ya kulinda chuma kwa zinki. Zinki huliwa kwanza, chuma kikasalimika. Unene nao hupimwa kwa geji, na hapa wanunuzi wengi hukosea: geji 32 ni nyembamba kuliko geji 28.

Nchini Kenya, bati lilibadilisha maisha ya jamii. Katika miaka ya 1960 na 1970, wanawake wa Kenya ya kati walichangishana fedha ili kila mmoja aezekewe nyumba kwa zamu. Vikundi vyao vikajulikana kama vikundi vya mabati. Paa hilo pia liliwawezesha kukinga maji safi ya mvua, hivyo safari za mtoni zikapungua.

Aidha, bamba la chuma halifi upesi. Katika karakana za jua kali, kama zile za Kamukunji jijini Nairobi, pipa kuukuu hupasuliwa, likanyooshwa kwa nyundo, likazaliwa upya kama karai, sanduku au jiko. Jiko la makaa lililoboreshwa, lililoenea tangu miaka ya 1980, lina bati nje na udongo uliochomwa ndani. Kopo nalo hugeuzwa koroboi.

Lugha haikuachwa nyuma. Debe la mafuta liligeuka kipimo cha mahindi sokoni, likaingia katika methali, "Debe tupu haliachi kuvuma," kisha likaingia siasani: anayemnadi mgombea humpigia debe.

Hata hivyo, plastiki imechukua nafasi ya debe na karai katika nyumba nyingi, na chombo kikitoweka, msamiati wake hubaki yatima. Mwanafunzi anayetafuta maneno ya kukata, kukunja pindo na kulehemu asiishie maktabani. Mengi yangali vinywani mwa mafundi, na kabla nyundo hazijanyamaza, yafaa wanaleksikografia wakawasikilize.