Miguu ukutani: Yoga ya kupumzika kwa watu wa safari za mpakani

MFANYABIASHARA aliyepanda basi Nairobi jioni na kuamkia Kampala anaweza kusema amelala njiani, lakini hajapumzika. Usiku ameshushwa mpakani, amepanga foleni ya uhamiaji, kisha amerudi kitini kichwa kikigonga kioo huku mkono ukishikilia mkoba wa fedha. Asubuhi hiyo hiyo anaingia sokoni kuhesabu shilingi za nchi mbili. Hapo ndipo makosa hutokea: chenji hupotea, marobota huhesabiwa pungufu, mdaiwa husahaulika.

Uchovu wa namna hiyo hauishi kwa usingizi pekee. Mwili uliokaa chonjo usiku kucha huendelea kukaa chonjo hata ukishalazwa kwenye kitanda cha gesti. Taya limebana, moyo unakwenda mbio, mawazo yanazunguka kwenye mkopo wa kikundi. Kwa hali hiyo ipo aina ya yoga isiyohitaji kujikunja wala kutoka jasho. Ni yoga ya kupumzika, na kazi yake kubwa ni kumlaza mtu akiwa ameegemezwa vizuri kiasi kwamba hakuna msuli unaolazimika kujikaza.

Chimbuko lake ni Pune, India, kwa mwalimu B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918 na kuandamwa na maradhi utotoni, yakiwemo malaria na kifua kikuu. Katika kufundisha alitumia viti, mikanda, vipande vya mbao na mito ili hata wagonjwa na wazee waweze kukaa katika mikao ambayo miili yao isingeimudu. Mwanafunzi wake Mmarekani, Judith Hanson Lasater, mtaalamu wa tiba ya viungo, aliendeleza upande huo wa mapumziko na mwaka 1995 akauandikia kitabu.

Wapo wanaosita kwa sababu ya dini, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwa kuwa yoga ina mizizi katika imani za India. Baraza la Maulamaa la Indonesia lililijadili jambo hilo mwaka 2009: likakataza yoga yenye maombi na ibada za Kihindu, lakini halikukataza ile iliyo mazoezi ya mwili tu. Kulala chali na kupumua taratibu hakumdai mtu atamke neno lolote.

Mkao unaowafaa zaidi watu wa safari ni wa miguu ukutani. Mtu hukaa ubavu ukigusa ukuta, kisha hugeuka na kulala chali huku akipandisha miguu ukutani. Kitenge kilichokunjwa huwekwa chini ya kichwa, kingine chini ya kiuno. Muuza vitenge, kwa hili, ana vifaa vyote tayari. Pumzi iingie kwa pua bila haraka na itoke kwa muda mrefu kuliko ilivyoingia, kwani kurefusha pumzi ya kutoka husaidia mapigo ya moyo kutulia. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Mgongo ukiuma kwa kubeba mizigo, badala ya ukuta miguu huwekwa juu ya kiti, magoti yakiwa yamekunjwa.

Mlango ufungwe na mkoba uwe mahali panapojulikana, maana hakuna anayetulia huku akiwaza fedha zake ziko wapi. Wakala wa forodha aarifiwe mapema kwamba simu haitapokelewa kwa robo saa.

Mwenye presha ya macho, presha ya damu isiyodhibitiwa au ugonjwa wa moyo amuulize daktari kabla ya kuinua miguu. Mjamzito ambaye mimba imekua asilale chali. Alale ubavu wa kushoto, mto ukiwa kati ya magoti. Na si kila uvimbe wa miguu ni uchovu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba safari ya kukaa saa 4 au zaidi huongeza takriban mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, ingawa wanaopatwa ni wachache. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, pa kwenda ni hospitali, tena siku hiyo hiyo, hata kama lori linasubiri. Vivyo hivyo kwa mtu aliyekosa usingizi kwa wiki kadhaa au anayewaza kujidhuru: ukuta hautamtosha, anahitaji mhudumu wa afya.

Wakati wa kuamka, magoti hukunjwa kwanza, mwili ukageuzwa ubavu na kubaki hapo kwa pumzi chache. Anayenyanyuka ghafla hupata kizunguzungu. Baada ya kukaa kitako ndipo simu iwashwe na hesabu za mzigo zifunguliwe.